Siri ya kitubio inamfunga nani?

Kwaresima inapofika, parokia za Dar es Salaam hujaa foleni za kuungama. Kuanzia Kimara hadi Mbagala utawakuta mapadre watatu wanne wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja chini ya mwembe, mwingine barazani karibu na sakristia, na waamini wamejipanga. Lakini wapo pia wanaopita pembeni ya foleni hiyo mwaka hadi mwaka. Sisi tunaoshughulika na sheria za Kanisa tukiwauliza kulikoni, jibu tunalolisikia sana ni hili: "Paroko ananijua. Jumapili nitamtazamaje?"

Hofu hiyo inaeleweka. Mwanakwaya au kiongozi wa jumuiya anakutana na paroko kila wiki. Shida ni kwamba katika mafundisho ya komunio ya kwanza watoto hukaririshwa sala ya kutubu mpaka inakaa kichwani, ila mara chache huelezwa sheria inamdai nini padre anayewasikiliza.

Inamdai mengi. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inasema siri ya kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, haivunjwi: ni marufuku kabisa muungamishi kumsaliti muungamaji kwa maneno au kwa namna nyingine yoyote, na kwa sababu yoyote ile. Sababu yoyote ni pamoja na kuulizwa na askofu, kuitwa na polisi, au kutishiwa kuuawa. Muungamaji akifariki, siri yake haiishi. Padre anayeivunja moja kwa moja anakuwa ametengwa na Kanisa papo hapo, pasipo kungoja hukumu, na kuiondoa adhabu hiyo kumeachwa mikononi mwa Kiti Kitakatifu, yaani Papa na ofisi zake za Vatikano. Ukali huu ni wa zamani. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215, uleule uliowaagiza waamini kuungama walau mara moja kwa mwaka, uliamuru padre mtoa siri avuliwe kazi yake na afungiwe katika monasteri yenye sheria kali, atubu huko hadi mwisho wa maisha yake.

Watu wengi wanaishia hapo: padre hasemi. Kanuni inayofuata, ya 984, inakwenda mbali zaidi, na kwangu ndiyo yenye faraja kubwa. Tuseme mhazini wa jumuiya amekula michango ya ujenzi, akaungama kwa paroko. Paroko anaweza kumwambia palepale kwenye kitubio kwamba toba ya mwizi inadai kurudisha alichoiba. Wakishaachana, paroko hana ruhusa ya kumtoa kwenye uhazini kwa sababu ya alichosikia. Hawezi kuamuru hesabu zikaguliwe kwa sababu hiyo, wala kumnong'oneza mwenyekiti wa parokia "mwangalieni yule". Hata kumuuliza mhazini mwenyewe wakikutana njiani, "vipi, ile hela umerudisha?", hawezi, isipokuwa mhazini alianzishe mwenyewe na kumpa ruhusa. Wizi huo ukigunduliwa kwa njia nyingine, paroko atachukua hatua kwa kutumia kile kilichogunduliwa, na si kile alichoungamiwa. Ni mzigo mzito kuubeba, na mapadre hawaupendi kila siku, lakini ndio tulioukubali.

Swali la makosa ya jinai huulizwa kwa sauti ya chini. Mwaka 2019 Idara ya Toba ya Kitume huko Vatikano ilitoa ufafanuzi: padre haruhusiwi kuweka sharti kwamba mtu ajisalimishe kwanza kwa vyombo vya dola ndipo apewe maondoleo, yaani kusamehewa dhambi. Wakati huohuo majuto ya kweli, na nia thabiti ya kujirekebisha na kutorudia uovu, ni sehemu ya sakramenti yenyewe. Asiyekuwa nayo hapati maondoleo. Na mtu aliyetendewa uovu akiueleza kwenye kitubio, padre anatakiwa kumweleza haki zake na njia za kupeleka malalamiko yake, kanisani na serikalini.

Mazungumzo ya kawaida ofisini, ushauri wa ndoa, au ujumbe mrefu wa WhatsApp unaoanza na "Tumsifu Yesu Kristo, Padre, nina jambo" si kitubio. Padre atayatunza kwa uaminifu, ila hayana ulinzi wa kanuni ya 983. Kadhalika hatuungamishi kwa simu, njoo mwenyewe. Na simu izimwe kabla ya kupiga magoti, kwa maana kurekodi maungamo, ya kweli au ya kuigiza, au kuyasambaza mtandaoni kwa nia mbaya ni kosa lenye adhabu katika sheria ya Kanisa.

Bado unaona haya mbele ya paroko? Kanuni ya 991 inakupa uhuru wa kuungama kwa padre yeyote mwenye mamlaka halali ya kuungamisha. Wakazi wa Gongo la Mboto wanaopanda gari hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni hawamkosei paroko wao, wala hawahitaji barua yake. Una haki pia ya kukaa nyuma ya wavu usionekane uso. Ukiungama uzinzi, padre hapaswi kukuuliza jina la uliyekosa naye, na wewe usilitaje.

Kwa wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, kuhamahama parokia ukificha hali hiyo hakusaidii. Nenda ofisi ya parokia kwa mazungumzo kwanza. Mara nyingi kinachokwamisha ni mahari au karatasi, na vyote vina njia.

Muungamaji mwenyewe hafungwi na siri. Anaweza kusimulia aliyoyasema. Ila nawasihi msiyapeleke kwenye magenge maneno ya padre, kwa sababu mkiyapotosha hana mdomo wa kujitetea.

Anayefungwa ni mkalimani, ambaye viziwi au wageni wasiojua Kiswahili wanaruhusiwa kumtumia, pamoja na mtu yeyote aliyesikia maungamo kwa namna yoyote ile. Kwa hiyo ndugu uliye wa pili kwenye foleni, ukinasa neno la aliyekutangulia, nawe umefungwa, na ukilitoa unastahili adhabu. Wazee wa kanisa wapange kiti cha padre mbali na foleni, hatua kumi au zaidi, na kwaya ihamishie mazoezi yake upande wa pili wa uwanja.