Mazombi ya bei chee: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Filamu ya kutisha isiyo na hela ni mbovu, na anayeipenda anapenda ubovu wake." Kauli hii utaikubali kabisa katika dakika 37 za mwanzo za One Cut of the Dead, filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Shinichiro Ueda. Kikundi kinarekodi filamu ya mazombi kwenye mtambo wa maji uliotelekezwa, mara mazombi wa kweli wanavamia. Waigizaji wanakwama katikati ya mazungumzo. Mtu wa sauti anakurupuka na kutoka nje bila sababu ya maana. Kamera inaanguka, inalala chini hivi hivi, kisha inainuka na kuanza kuvuta picha karibu na mbali kama imepagawa. Wengi huzima hapo, na wanajipunja.

Ukweli: karibu kila doa lile limepangwa. Baadaye tunaonyeshwa upande wa pili wa kamera, na kumbe ile ilikuwa kazi ya kurushwa moja kwa moja kwenye TV, lazima iendelee hata kukinuka. Yule wa sauti tumbo linamwendesha. Mpiga kamera kakamatwa na mgongo, na msaidizi wake, aliyekuwa akiiwinda nafasi hiyo muda mrefu, kaidaka kamera. Mwigizaji mwingine kalewa chakari; matapishi yaliyotutia kinyaa mwanzoni hayakuwa ya kuigiza. (Mwisho wake sisemi.) Tunacheka kwa sababu tulishayaona yote na hatukuelewa.

Ajabu ni kwamba zile dakika 37 zilipigwa kweli bila kukata, wakirudia mara kadhaa, na damu iliyorukia lenzi haikuwamo kwenye skripti. Mpiga kamera akaifuta tu, wakaendelea.

"Kicheko huua hofu." Si lazima. Hofu na kicheko vyote huishi kwa kuvizia: unamshikilia mtazamaji, unamwachia wakati asioutarajia. Kwenye Evil Dead II ya Sam Raimi, ya mwaka 1987, mkono wa shujaa unaingiwa na pepo, unamvunjia sahani kichwani, naye anaukata kwa msumeno wa injini huku akicheka. Hapo mtu hajui apige kelele au ashike mbavu, na raha yenyewe ndiyo hiyo.

"Bila pesa huwezi kutisha." Huyo huyo Raimi, kwenye The Evil Dead ya mwaka 1981, alifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku na kukimbia nao msituni. Mtazamaji anaona pepo asiye na umbo akija mbio.

"Haziuzi." Ueda alitumia takriban yeni milioni 3. Kufikia mwisho wa 2018, kumbi za Japani zilikuwa zimeingiza zaidi ya yeni bilioni 3.

"Basi yeyote mwenye simu anaweza." Taratibu jamani. Waigizaji wake hawakuwa na majina, lakini walitoka kwenye warsha ya uigizaji, na Ueda aliandika nafasi kwa kumwangalia kila mmoja alivyo.

"Ingepata hela ingekuwa bora zaidi." Hili lilijaribiwa. Mwaka 2022 mwongozaji Mfaransa Michel Hazanavicius aliirudia kwa Kifaransa, kwa bajeti nono, ikafungua tamasha la Cannes. Hata Yoshiko Takehara, mwigizaji aliyecheza mama prodyuza kwenye filamu ya Kijapani, yumo. Inachekesha, siikatai. Ila ukijua hela ilikuwepo, zile kasoro hazikubani pumzi vile vile.