Usimamizi wa Pamoja wa Rasilimali Zinazovuka Mipaka: Maana Yake kwa Maeneo Kame

Mkazi wa Nakuru anayewatazama heroe wakiupaka ukingo wa ziwa rangi ya waridi huenda hajui kwamba ndege hao hawakuzaliwa hapo. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huja kula katika maziwa kama Nakuru na Bogoria, lakini mahali pao pa kutegemewa pa kutagia na kuangulia ni mahali pamoja tu: Ziwa Natron, ambalo karibu lote limo ndani ya Tanzania. Mto mkubwa unaolilisha ziwa hilo ni Ewaso Ng'iro ya Kusini, nao chimbuko lake ni msitu wa Mau, mgongo uleule ambao upande wake wa mashariki huuteremsha mto Njoro hadi Ziwa Nakuru. Kwa hiyo anayefyeka miti Mau anagusa kiota kilicho katika nchi nyingine, na kiota hicho kikiharibika, hasara hurudi Nakuru.

Hali ya namna hiyo ndiyo iliyozaa dhana ya usimamizi wa pamoja wa rasilimali zinazovuka mipaka. Maana yake ni kwamba nchi jirani zinazotumia mto, ziwa, maji ya chini ya ardhi au malisho yaleyale hukubaliana kuipanga, kuitumia na kuilinda rasilimali hiyo kama kitu kimoja, ingawa kila nchi hubaki na mamlaka juu ya eneo lake. Mpaka haufutwi. Kinachobadilika ni kipimo cha kupangia: badala ya kaunti, wilaya au nchi, hesabu hupigwa kwa bonde zima, tangu chemchemi hadi mto unapoishia, au kwa njia nzima ya mifugo, tangu malisho ya masika hadi ya kiangazi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mito ya kimataifa, ulioanza kutumika mwaka 2014, unazitaka nchi zitumie maji kwa haki, zisidhuriane kwa kiasi kikubwa, na zijulishane kabla ya kujenga chochote kitakachobadilisha mto. Kwa maoni yangu neno zito kuliko yote hapo ni hilo "kabla". Ziwa Turkana la Kenya hupata sehemu kubwa mno ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia, na bado bwawa la Gibe III lilizinduliwa kwenye mto huo Desemba 2016 bila nchi hizo mbili kuwa na mkataba wa kugawana maji ya bonde hilo. Bwawa likishasimama, mvuvi wa ziwani hana tena cha kujadili ila ratiba ya kufungulia maji.

Mfano wenye matumaini zaidi uko karibu nasi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao makuu Kisumu, imezikutanisha Kenya na Tanzania kuhusu mto Mara, ambao nao hutoka Mau. Mwaka 2015 nchi hizo zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu maji ya bonde hilo, na kila tarehe 15 Septemba huadhimisha pamoja Siku ya Mara.

Maji ya mto yana njia moja inayojulikana. Malisho ya maeneo kame, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, hayana njia hiyo, kwa sababu mvua yake hunyesha kwa mabaka: kilima hiki hupata, cha pili hukosa, na mwakani mambo hugeuka. Mfugaji anayehama haendi ovyo. Anaufuata unyevu, na ardhi anayoiacha nyuma hupumzika. Ndiyo maana katika nchi kame kuhama kwenyewe ni usimamizi, na mpango wowote unaomfungia mfugaji upande mmoja wa mpaka huiharibu ardhi unayodai kuilinda.

Kuhama huko kuna sheria zake. Kiangazi, katika mito ya mchanga ya Turkana, watu hufukua mchanga hadi wakute maji, na kisima kikiwa na kina kirefu husimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, wakipokezana chombo mpaka kifike juu na kumiminwa katika hori. Aliyefukua ndiye mwenye kauli, na mgeni huomba kabla mifugo yake haijasogea. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana wa Kenya na Wamatheniko wa Uganda walikutana Lokiriama, huko Turkana, na kuzika silaha ardhini, na mapatano hayo huadhimishwa hadi leo. Kiangazi kikikaza, mifugo ya Turkana huvuka hadi bwawa la Kobebe, wilayani Moroto nchini Uganda, kunywa pamoja na mifugo ya wenyeji.

Serikali zilifuata nyayo za wazee. Septemba 2019, mjini Moroto, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano kuhusu amani na maendeleo ya Turkana na Pokot za Kenya, na Karamoja ya Uganda. Hata hivyo, Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri kwamba wafugaji wa Turkana wasiingie tena Uganda na bunduki, akatoa miezi sita suala la mauaji na wizi wa mifugo litatuliwe, la sivyo wangefukuzwa. Hofu ya Uganda ilikuwa na msingi, lakini familia isiyo na bunduki iliyokuwa na ng'ombe wake Kobebe ilihesabiwa miezi ileile.

Kwa hiyo hati ikishasainiwa, kazi huwa haijaanza. Ni lazima ijulikane mifugo ya wageni itapita njia ipi na itanywa zamu gani, mwizi atashtakiwa upande upi, na ng'ombe walioibwa watarudishwa kwa mkono wa nani. Na madaktari wa mifugo wa pande zote mbili wachanje kwa wakati mmoja, maana homa ya mapafu ya ng'ombe iliyozuiliwa Loima, upande wa Turkana, na kuachwa Moroto hurudi na kundi la kwanza litakalovuka.