Nguvu za kiume: yanayosemwa mtaani na yanayotokea mwilini

Mwanaume akiona uume hausimami kama zamani, mara nyingi huanzia kwa muuza miti shamba, akahamia duka la dawa, hospitali akaiweka mwisho. Mpangilio huo unawagharimu watu afya, kwa sababu tatizo lenyewe huwa ni habari ya mapema kutoka kwenye mishipa ya damu, na habari hiyo haitaki kucheleweshwa.

Tuanze na namna uume unavyosimama. Ndani yake mna mirija miwili ya nyama laini kama sifongo, imelala sambamba. Ashiki ikiamka, mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu hutoa kemikali iitwayo naitriki oksaidi. Misuli midogo ya kuta hizo hulegea, damu inaingia kwa wingi, sifongo inajaa na kuibana mishipa inayorudisha damu. Damu imeingia na haitoki: uume umesimama. Hakuna mfupa wala msuli wa kuunyanyua.

"Ni umri tu, kila mzee hufika hapo"

Umri huongeza uwezekano, lakini miaka peke yake haizimi kitu. Utafiti wa Massachusetts nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta karibu nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wana tatizo hili kwa kiwango fulani, ila walioshindwa kabisa walikuwa takribani mmoja katika kumi. Kinachoongezeka na miaka ni presha, kisukari, mafuta kwenye damu, na sigara zilizovutwa kwa muda mrefu. Vyote hivi hukakamaza na kuziba mishipa.

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule ukijijenga kote, mshipa mwembamba ndio unaolalamika kwanza. Kwa wanaume wengi, uume huanza kusumbua miaka 2 hadi 5 kabla ya maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Kwa hiyo mwenye miaka 45 anayeficha tatizo lake anaficha pia onyo la moyo wake. Kwa kisukari mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa sukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, na tatizo huweza kutangulia kwa miaka 10 au zaidi kulinganisha na asiye na kisukari. Wako wanaogunduliwa kuwa na kisukari kwa sababu tu walikwenda kulalamikia nguvu za kiume.

"Kijana akishindwa, amerogwa, au ndoa imefungwa"

Kijana wa miaka 25 asiye na presha wala sukari kwa kawaida ana mishipa mizima. Adui yake ni wasiwasi. Mtu akiogopa kushindwa, mwili humwaga adrenalini, na adrenalini hubana mishipa ileile inayotakiwa kulegea. Akishindwa mara moja, mara ya pili anaingia kitandani akijichunguza, na hofu inafanya kazi yake tena.

Kipimo kipo na hakina gharama: asubuhi. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kwa usiku akiwa usingizini, na ile ya alfajiri ndiyo anayoamka akaiona. Kama asubuhi uume unasimama imara, au unasimama akiwa peke yake, lakini unalegea mbele ya mwenzi, mitambo iko sawa na tatizo liko kwenye fikra au uhusiano. Kama hata asubuhi kumekuwa kimya kwa wiki kadhaa, tafuta sababu ya mwilini.

Punyeto nayo hubebeshwa lawama zisizo zake. Kwa upande wa dini kila mtu ana mafundisho yake. Kwa upande wa mwili, haikaushi mbegu wala haiharibu mishipa. Korodani hutengeneza mbegu kila siku, mamilioni kwa mamilioni. Linaloweza kutokea ni mtu kuzoea mkono unaobana sana au picha za ngono, kiasi kwamba mwenzi hampi msisimko wa namna hiyo. Hilo hurekebishika kwa kuacha mazoea hayo kwa majuma kadhaa.

"Ni ngiri", "ni busha, amekunywa madafu mengi"

Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya kwenye uwazi wa kinena na kufanya uvimbe unaotokeza ukikohoa au kunyanyua mzigo. Haiondoi nguvu za kiume, na haitibiwi kwa mizizi: hutibiwa kwa upasuaji. Ikigoma kurudi ndani huku inauma na mtu anatapika, upasuaji huo ni wa usiku huohuo, kwa sababu utumbo uliobanwa hufa.

Busha ni maji kuzunguka korodani. Ukanda wetu wa pwani umelijua kwa vizazi kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Madafu hayahusiki hata kidogo. Upasuaji wake ni wa kawaida na hufanyika hospitali nyingi za wilaya.

"Vumbi la Kongo ni asili, halina madhara"

Unga huu na ndugu zake huuzwa katika vifuko visivyo na jina la mtengenezaji, kipimo wala tarehe. Tatizo la kwanza ni hilo. La pili ni kubwa zaidi: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, FDA ya Marekani ikiwamo, zimekuta mara nyingi bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zikiwa zimechanganywa na sildenafili, yaani dawa ileile iliyomo kwenye Viagra. Unga ukikufanyia kazi ndani ya saa moja kwa uhakika wa kidonge, una sababu ya kushuku kwamba umemeza kidonge bila kujua ni miligramu ngapi. Kwa mgonjwa wa moyo, kutojua huko kunaweza kuua.

"Vidonge vyenyewe ndivyo vinavyoua moyo"

Sildenafili imekuwa ikitumika tangu mwaka 1998, na kwa mtu aliyepimwa ni dawa salama. Wanaodhurika mara nyingi ni walioinunua kama pipi. Kwa hiyo yajue haya.

Kwa kawaida huanzwa na miligramu 50, humezwa kama saa moja kabla ya tendo, na si zaidi ya mara moja kwa saa 24. Hufanya kazi kwa saa 4 au 5. Ukila chipsi na nyama choma kwanza, mafuta huichelewesha, na wengi husema "dawa haifanyi kazi" kumbe tumbo limejaa. Haileti ashiki: bila kuguswa na kusisimka, hakuna kitakachosimama. Mara ya kwanza ikishindwa usiongeze dozi kwa uamuzi wako. Hupewa nafasi kama mara 6 hivi, kwa siku tofauti na kwa masharti sahihi, kabla ya kusema imekukataa. Tadalafili, dawa nyingine ya aina hiyo, hufanya kazi hadi saa 36, na chakula hakiisumbui.

Asiyeruhusiwa kabisa ni anayetumia nitrati kwa maumivu ya kifua, iwe ya kuweka chini ya ulimi au ya kumeza kama isosobaidi. Dawa hizo mbili zikikutana, presha huporomoka ghafla. Ukipata maumivu ya kifua baada ya kumeza kidonge, mwambie daktari umemeza nini na saa ngapi, hata kama umeona aibu, kwa sababu nitrati haitakiwi kuguswa hadi saa 24 zipite kwa sildenafili na saa 48 kwa tadalafili. Anayetumia ARV zenye ritonavia naye asivuke miligramu 25 za sildenafili katika saa 48, maana ritonavia huzuia ini kuivunja dawa. Anayetumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume aanze na kipimo kidogo, akielekezwa na daktari.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, nenda hospitali usiku huohuo. Damu iliyokwama ndani huishiwa oksijeni, nyama ile ya sifongo inakufa na kuwa kovu, na baada ya hapo nguvu zinaweza zisirudi. Wenye selimundu hupatwa na hali hii hata bila dawa yoyote.

Supu ya pweza, karanga mbichi, mihogo mibichi

Pweza ni chakula kizuri: protini nyingi, madini ya zinki, mafuta kidogo. Mtu aliyepungukiwa zinki atanufaika. Asiyepungukiwa ameshiba tu, na hilo si baya. Mihogo mibichi ni jambo jingine. Ile michungu ina sumu ya sianidi inayopungua kwa kumenya, kuloweka na kupika, na kwa macho si rahisi kuitenga na mitamu. Karanga zilizopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, adui wa ini. Ukizitaka, kula zilizokauka vizuri, na tupa zilizosinyaa au kubadilika rangi.

"Mwanaume kamili hukaa nusu saa"

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa jozi zipatazo 500 za wapenzi wa nchi tano, waliopima wenyewe kwa saa. Muda wa katikati, tangu kuingia hadi kumwaga, ulikuwa dakika 5.4. Wengi wanaojiona wagonjwa wako sawa kabisa. Tatizo la kweli ni kumwaga ndani ya dakika moja hivi tangu uanze kufanya tendo la ndoa, au kushuka hadi dakika 3 au pungufu ilhali zamani haikuwa hivyo, bila uwezo wa kujizuia, na hali ikikukera.

Njia ya kusitisha na kuanza upya husaidia: msisimko ukikaribia mahali pasiporudi nyuma, acha kila mwendo kwa nusu dakika hivi, ushuke, kisha endelea, fanya hivyo mara tatu, ya nne jiachie. Ni mazoezi ya wiki kadhaa, na mwenzi ashirikishwe. Dawa ya ganzi ya kupaka hutumiwa dakika 10 hadi 15 kabla, kisha inafutwa au kondomu inavaliwa, la sivyo mwenzi naye hufa ganzi. Tramadoli inayotumiwa na vijana ili "kuchelewa" ni dawa ya maumivu yenye uraibu, na huweza kuleta degedege.

"Anasimamisha, basi mgumba ni mke"

Kusimama ni kazi ya mishipa, mbegu ni kazi ya korodani. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Katika takribani nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume ana mchango kwenye tatizo. Kupima shahawa ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, hivyo mume atangulie au waende pamoja: ajizuie siku 2 hadi 7, sampuli yote iingie kwenye chombo cha maabara, ifike ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na joto la mwili. Majibu mabaya hurudiwa, kwa kuwa mbegu huchukua kama siku 74 kukamilika, na homa kali ya miezi miwili iliyopita bado inaweza kuonekana. Sindano za testosteroni za kujengea mwili huzima uzalishaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto asiziguse.

Kabla ya kununua chochote

Pima presha (140/90 na kuendelea ni juu), sukari asubuhi kabla ya kula chochote (7.0 mmol/L na kuendelea, ikithibitishwa, ni kisukari), mafuta ya damu, na mzunguko wa kiuno, ukizidi sentimita 94 hatari inaanza kupanda. Kama hata hamu ya tendo imepotea, omba testosteroni, nayo hupimwa asubuhi. Beba dawa zako zote. Baadhi za presha, kama atenololi na haidroklorothiazaidi, na nyingi za sonona, huweza kuchangia, na daktari anaweza kuzibadilisha. Usiache ya presha kwa uamuzi wako.

Sigara iachwe. Tembea kwa kasi au kimbia dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Mazoezi ya kiwango hicho yameonyesha faida kwa wanaume wenye tatizo la mishipa. Kaza pia misuli ya msamba, ile unayotumia kukata mkojo: bana hadi sekunde 10, legeza sekunde 10, mara kumi, asubuhi na jioni, bila kubana makalio wala kuzuia pumzi. Ipe miezi mitatu.

Na ukifika mbele ya daktari, usizunguke kwa kusema mgongo unauma. Sentensi moja inatosha: "Daktari, kwa miezi mitatu sasa uume wangu hausimami vizuri, na asubuhi pia hausimami."