Je, wajua? Methanoli yenyewe siyo inayoharibu ubongo

Wengi hudhani methanoli, alkoholi ya viwandani, ni pombe kali kupita kiasi, inayounguza macho na ubongo pale inapofika. Sivyo. Methanoli hulewesha kidogo kuliko ethanoli, pombe ya kawaida, na laiti ingetoka mwilini bila kuguswa, madhara yangekuwa machache. Ndiyo maana mnywaji huweza kulala vizuri, akaamka akidhani ana hangova tu, kisha baada ya saa 12 hadi 24 akaona kila kitu kama kimefunikwa na ukungu mweupe. Akiwa alichanganya na pombe ya kawaida, kimya hicho hurefuka zaidi, naye hujiona ameponea.

Sumu hupikwa na ini. Kimeng'enya kinachovunja pombe huigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi. Kingine huimalizia kuwa asidi fomiki, ambayo baadhi ya sisimizi huirusha kujilinda.

Fikiria jiko lililojaa mkaa, upepo unavuma, ila tundu la hewa limezibwa. Asidi fomiki huziba hatua ya mwisho ndani ya mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli, pale oksijeni inapotumika. Damu inaweza kubeba oksijeni tele, kipimo cha kidoleni kikasoma vizuri, na seli bado zikakosa pumzi. Zikikosa, hutoa asidi laktiki. Damu ikizidi uchachu, asidi fomiki hupenya seli kwa urahisi zaidi. Jiko linajiziba lenyewe.

Neva za macho huumia mapema. Ndani ya ubongo huathirika hasa putameni, sehemu ya ndani inayosaidia kuongoza mwendo, pande zote mbili, pengine kwa kuvuja damu. Baadhi ya wanaopona hubaki wamekakamaa misuli na wazito wa mwendo kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Husemwa putameni hutumia oksijeni nyingi, lakini sehemu nyingine zenye njaa hiyohiyo husalimika, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

Ajabu ni kwamba dawa mojawapo ni ethanoli: kimeng'enya huipenda mara 10 hadi 20 zaidi, hivyo methanoli huachwa foleni. Hospitali huilenga kwenye gramu 1 hadi 1.5 kwa lita ya damu, au hutumia fomepizoli, dawa inayozuia kimeng'enya hichohicho. Ila ethanoli haiondoi asidi iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo kujitibu nyumbani kwa chupa nyingine ni hatari. Methanoli iliyozuiwa hivyo huchukua takriban siku mbili kupungua nusu tu. Mashine ya kusafisha damu huitoa pamoja na asidi yake kwa saa chache.