Stika ya kwenye RAM inasemaje kabla hujatoa hela

Ukifika dukani ukasema tu "nataka RAM ya laptopu GB 8", muuzaji atakupa aliyonayo, na hapo hajakudanganya, maana GB 8 ni ukubwa tu, haisemi kama itaingia kwenye mashine yako. Hilo linasemwa na kile kistika cheupe ambacho wengi hatukisomi.

Chukua stika iliyoandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T-S. PC4 ni kizazi, yaani DDR4, PC3 ni DDR3 na PC5 ni DDR5, na hivi vizazi haviingiliani hata kidogo, ule mkato kwenye meno umekaa sehemu tofauti kwahiyo ikigoma kuingia usiilazimishe. 2400 ni spidi. Hiyo S ya baada ya kistari ndo inakwambia ni fupi ya laptopu, ukikuta U hiyo ni ya deskitopu.

Penye mtego ni DDR3. Unakuta imeandikwa PC3L-12800S halafu mtu anafurahi, 12800 si kubwa kuliko 2400! Hapana, hapo wameandika megabaiti kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata 1600. Na hiyo L usiidharau, maana yake inakula volti 1.35 badala ya 1.5, sasa laptopu nyingi za DDR3 zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nne zinataka hiyo yenye L, ukichomeka ya kawaida unaweza kukaa unaangalia kioo cheusi ukadhani umeua mashine.

Kuhusu spidi, kama hela ni ya mawazo usilipie ya juu. HP EliteBook 840 G3 inatumia DDR4 ya 2133, ukiipa ya 2400 itaishusha tu, na ukichanganya mbili zote zinafuata ile ya taratibu. Vilevile kama una GB 4 ndani na sloti moja (nafasi ya kuchomeka RAM) iko wazi, nunua moja ya 8 uongezee, unapata 12. Wapo watakaokwambia lazima zilingane ndo zifanye kazi kwa pamoja, ni kweli zikilingana grafiki ya ndani inapata nguvu kidogo, ila kwa Word na brauza yenye tabu nyingi hutaona tofauti, so usitupe ile ya zamani.

Sloti zipo ngapi? Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance halafu Memory, inakuandikia sloti zilizotumika kati ya zilizopo. Ila bora fundi afungue mfuniko wa chini muone kwa macho, maana ThinkPad T480 ina sloti mbili lakini ndugu yake T480s RAM yake moja imechomelewa kwenye bodi ikabaki sloti moja, na MacBook Air zenyewe zimechomelewa zote, hakuna cha kuongeza.

Na kama bado unatumia hard disk ya kuzunguka, hela ya kwanza ipeleke kwenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), RAM ifuate.

RAM ya mtumba haina shida, haichakai kama betri. Ila kabla hujaondoka dukani hakikisha mashine imesoma GB zote, halafu ukifika nyumbani andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, uiache ijipime yenyewe, ikileta kosa rudisha siku hiyohiyo kabla muuzaji hajakusahau sura.