Karatasi ya Daktari Haikufanyi Mlezi wa Mama

"Daktari ameshaandika kwamba mama hana akili timamu, kwa hiyo sasa mimi ndiye naamua."

Sentensi hii huja na bahasha, na ndani ya bahasha mna karatasi ya mistari mitatu: jina, umri, "ana shida ya akili, hawezi kujiamulia". Mhuri, saini, basi. Mwenye bahasha ameshakataliwa benki, ameshakataliwa hospitali ya pili, na anaamini wataalamu wote wamemfanyia njama. Hakuna njama. Karatasi yenyewe haisemi kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifanyia kazi. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kati ya madaktari, mawakili na familia, na swali langu la kwanza siku zote ni moja: hawezi kuamua nini?

Wengi hukereka nikiliuliza. Huliona ni ujanja wa kuwazungusha, kumbe ndilo jambo lenyewe.

Uwezo wa kuamua haupimwi kwa jumla kama uzito wa mwili. Hupimwa kwa uamuzi fulani, siku fulani. Mzee anaweza kushindwa kabisa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba, na asubuhi hiyohiyo akaweza kukataa sindano, kuchagua aishi na mtoto yupi, au kusema ni nani anamwamini ashike fedha zake. Sheria ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales imelipanga vizuri, na hata ukiwa mbali na huko mpangilio wake unasaidia. Je, anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi huu? Je, anaweza kuyashika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua? Je, anaweza kuyapima, faida kwa hasara? Je, anaweza kufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kukonyeza jicho? Akishindwa moja tu kati ya hayo manne kwa sababu ya hitilafu ya akili au ubongo, hana uwezo kwa uamuzi huo. Kwa uamuzi mwingine unaanza upya.

Tena sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba mtu hahesabiwi kuwa hana uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Baba anataka kurudi kuishi peke yake kwenye nyumba yenye ngazi, na watoto wanasema hiyo pekee ni ushahidi tosha. Si ushahidi. Ushahidi ni pale unapomuuliza, "Ukianguka usiku utafanyaje?" akashindwa kuona kwamba anaweza kuanguka, ilhali ameanguka mara tatu mwezi huu. Akijibu, "Najua naweza kuanguka, nikifa nitafia kwangu," huyo ameelewa na amepima. Amechagua usichokipenda wewe.

Halafu kuna zile alama. "Amepata 17 kati ya 30." Kipimo hicho kifupi cha kumbukumbu na akili, kiitwacho MMSE, kilichapishwa mwaka 1975. Alama 10 ni za kujua tarehe na mahali, 3 za kurudia maneno matatu, 5 za kuhesabu kwa kurudi nyuma, 3 za kuyakumbuka yale maneno, na 9 za lugha pamoja na kunakili mchoro. Hebu onyesha ni swali lipi hapo linalouliza kuhusu nyumba, upasuaji au fedha. Halipo. Kile kingine, MoCA cha mwaka 2005, nacho ni cha alama 30, na humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu, maana waliokitunga walijua kwamba shule hubadilisha matokeo. Mtu asiyewahi kushika kalamu atashindwa kunakili mchoro hata akili yake ikiwa nzima. Asiyesikia vizuri hatarudia maneno matatu. Aliyepimwa kwa lugha yake ya pili atapoteza alama katika ile sehemu ya lugha. Alama za chini zinakwambia kuna jambo la kuchunguza, haziishii kwenye jibu. Ninaposoma ripoti iliyojaa alama na isiyotaja uamuzi hata mmoja, nairudisha, na sioni haya kuirudisha kwa daktari bingwa.

Kabla hujatafuta wakili, hakikisha mzazi wako si mgonjwa wa kitu kinachotibika. Narudia hili mpaka sauti inakauka, kwa sababu mahakama ikishatoa amri ya ulezi, yaani ya kukupa wewe mamlaka ya kumwamulia, kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kuipata. Mzazi aliyekuwa sawa Jumapili na amechanganyikiwa Jumatano hajapata ugonjwa wa kusahau ndani ya siku tatu. Huo ni mkanganyiko wa ghafla, ambao madaktari huuita diliriamu, na una chanzo: maambukizi kwenye mapafu au mkojo, upungufu wa maji, chumvi ya sodiamu kushuka kwenye damu, mkojo kuziba, choo kigumu cha siku nyingi, maumivu yasiyotibiwa. Dawa nazo zimo. Zile za mafua zinazoleta usingizi kama klofeniramini, na vilevile amitriptilini ya sonona, oksibutinini ya kibofu na diazepamu ya kutuliza, zote zinaweza kumvuruga mzee. Hata kuacha diazepamu au pombe kwa ghafla kunamvuruga vilevile.

Dalili yake kubwa ni umakini unaokatika na hali inayopanda na kushuka siku hiyohiyo. Mwambie ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Anayepotea katikati na kusahau alikuwa anafanya nini anahitaji uchunguzi, na uamuzi wa kisheria usubiri. Kuna na aina ya kimya, ambapo mgonjwa hapigi kelele wala hahangaiki, amelala tu na hajibu. Hiyo hupitwa mara nyingi kwa sababu haimsumbui mtu wodini. Uliza pia kuhusu vitamini B12, tezi ya thairoidi, sonona, na kama aliwahi kuanguka wiki zilizopita, maana damu inaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu bila jeraha la kuonekana nje. Na nta masikioni. Usicheke. Masikio yaliyoziba yameshawafanya wazee waonekane hawaelewi neno. Mkanganyiko wa ghafla ukitibiwa, akili haitulii kesho yake. Inaweza kuchukua wiki, hata miezi. Kwa hiyo kipimo cha uwezo kilichofanywa akiwa bado na homa kitandani hakifai kwa uamuzi unaoweza kungoja.

Sasa barua. Usimwambie daktari, "Naomba barua kwamba mama hajiwezi." Utapata ile mistari mitatu. Mwandikie wewe kwanza, ukurasa mmoja: uamuzi unaotakiwa ni huu, unatakiwa kufanyika kabla ya tarehe hii, chaguzi zilizopo ni hizi mbili au tatu, na haya ndiyo niliyoyaona yanayonitia shaka. Eleza alivyokuwa wiki mbili kabla: alikuwa anavaa mwenyewe au la, anahesabu chenji au la, anapotea njia au la. Daktari aliyemwona kwa dakika kumi hajui hali yake ya kawaida, na bila kuijua hawezi kutofautisha mabadiliko na tabia. Kisha omba ripoti iseme mambo haya: uamuzi uliopimwa, tarehe na saa, lugha iliyotumika, kama alikuwa na miwani na kifaa cha kusikia, nani walikuwa chumbani, maswali aliyoulizwa na majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, lipi kati ya yale manne limeshindikana na kwa nini, kama hali inatarajiwa kubadilika, na lini apimwe tena. Majibu kwa maneno yake ndiyo kiini. "Haelewi masuala ya fedha" ni maoni. "Alipoulizwa bei ya nyumba yake alitaja bei ya kikapu, na alipoelezwa mara mbili akataja ileile" ni kitu ambacho hakimu anaweza kukishika.

Na wewe toka chumbani wakati anapimwa. Usimjibie, usimkonyeze. Ukiwa mkalimani wake ripoti imeshapungua nguvu, hasa kama una fungu katika mali.

Kuhusu hati ya uwakilishi, ile ambayo mzazi humpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, nitakwenda haraka, ingawa kosa lenyewe ni zito. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, mamlaka ya wakala hufa pale aliyempa anapopoteza uwezo. Yaani hati uliyoitunza kabatini kwa ajili ya siku hiyo inaweza kufa siku hiyohiyo. Baadhi ya nchi zilitunga hati maalumu ya kudumu ili kuziba pengo hilo. Jimbo la Virginia nchini Marekani lilianza katika miaka ya 1950, England na Wales mwaka 1985. Kwa hiyo soma hati yako. Kama haisemi kwamba itaendelea baada ya kupoteza uwezo, au sheria ya kwenu haitambui hati ya namna hiyo, njia iliyobaki ni mahakama. Lakini kama mzazi bado anaelewa maana ya kumteua mtu, hata kama hesabu zimeshamshinda, huenda bado anaweza kusaini hati sahihi. Dirisha hilo ni fupi, na wengi hulipoteza wakibishana nani ateuliwe.

Ofisa wa benki anayekukatalia, mara nyingi si mkorofi. Yeye husoma amri ya mahakama neno kwa neno, maana akilipa fedha kwa asiyestahili atawajibika yeye. Amri iliyoandikwa "kusimamia mambo ya mzazi" itamfanya apeleke faili makao makuu, na huko litalala. Mwambie wakili wako aombe mamlaka yatajwe moja moja: kuendesha akaunti fulani, kupokea pensheni, kulipa matibabu, kupata taarifa za akaunti zilizopita. Kuuza nyumba au ardhi kwa kawaida huhitaji idhini ya pekee ya mahakama. Chukua nakala tano au sita zilizothibitishwa, kwa sababu kila ofisi itataka kubaki na yake. Ukikataliwa usigombane kaunta. Omba sababu kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea. Mara nyingine ombi hilo pekee hulifikisha suala kwa mtu anayejua taratibu.

Lipo na lile la siri ya mgonjwa, linalowachanganya hata wauguzi. Siri inamzuia daktari kukwambia. Haimzuii kukusikiliza. Unaweza wakati wowote kumwandikia kwamba baba ameacha dawa za presha, ameanguka bafuni, anawapa fedha watu asiowajua. Akikwambia, "Siwezi kuzungumza nawe," mjibu, "Usiniambie lolote, pokea tu barua hii uiweke kwenye faili lake." Na kama mzazi anaweza kukubali wewe uambiwe habari zake, mpate asaini ridhaa hiyo mapema, itaje ni habari zipi na kwa nani.

Weka daftari moja la mawasiliano: tarehe, saa, jina, cheo, alichosema, alichoahidi, siku aliyoahidi. Fedha zake ziwe kwenye akaunti yake, zako kwenye yako, hata kama unamlipia dawa kutoka mfukoni. Andika kila sarafu na tunza risiti. Ndugu wanaokuja kushtaki baada ya miaka mitatu hawaulizi kama ulimpenda mama, wanauliza fedha za mwezi wa pili zilikwenda wapi.

Kuna kesi zinazonishinda kuzimaliza moyoni, na sitajifanya vitabu vimezimaliza. Mzee mwenye madhara sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kukaa kitini akajibu kila swali kwa ufasaha: gesi ni hatari, dawa ni muhimu, matapeli wapo. Akifika nyumbani anaacha jiko linawaka na anamfungulia kila anayebisha. Anaelewa kwa maneno, kwa vitendo hawezi. Kwa maswali manne amefaulu, na nikimwangalia jikoni amefeli. Mimi husisitiza apimwe akiwa anafanya jambo lenyewe, alipe bili kweli, apange dawa kweli, lakini wataalamu wawili wazuri wanaweza kumwona mzee huyo siku moja na kutofautiana, na wote wakawa na hoja. Vilevile yule anayesema "ndiyo" kwa kila mtoto anayeingia: je, ni uwezo umepungua, au ni mtu aliyechoka na ugomvi wa wanawe? Nimesaini ripoti za namna hiyo nikiwa sina hakika, na nikaandika ndani yake kwamba sina hakika. Napenda ripoti ya namna hiyo kuliko ile inayojifanya inajua.

Sheria na mikataba nayo inasogea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 12, unataka mtu asaidiwe kuamua kabla ya kuamuliwa. Ujerumani iliacha ulezi wa zamani wa watu wazima mwaka 1992 na kuweka msimamizi wa mambo yaliyotajwa na mahakama tu. Kwa hiyo usishangae hakimu akikupa kidogo kuliko ulichoomba. Anayeomba mamlaka juu ya kila kitu atarajie maswali mengi. Anayeomba pensheni na matibabu pekee, akiwa na ripoti inayozungumzia hayo mawili, huwa na kazi nyepesi.

Na jambo la mwisho, ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: amri ya ulezi na hati ya uwakilishi, hata ile ya kudumu, hukoma mzazi anapofariki. Saa hiyohiyo. Ukitoa fedha kwa kadi yake kesho yake, hata kwa gharama za mazishi, unatoa fedha za mirathi bila mamlaka. Ijulishe benki, funga daftari lako kwa tarehe ya kifo, andaa hesabu ya mwisho, na uikabidhi kwa msimamizi wa mirathi, hata kama msimamizi huyo ni wewe mwenyewe.