Faili ni moja, watu waliomo ni wengi

Chukua faili la mirathi, lile la kawaida linalofunguliwa mtu anapofariki bila wasia. Juu kabisa kuna nakala ya cheti cha kifo. Inafuata barua ya chifu yenye majina ya wajane na watoto, halafu fomu P&A 80 ya maombi na hati ya kiapo P&A 5 inayoorodhesha warithi na mali: kiwanja, shamba, akaunti za benki, gari. Chini yake kuna nakala za vitambulisho vya watu wazima wote, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, idhini za warithi, viapo vya wadhamini wanaotaja mali zao wenyewe, na pengine mkataba wa mtu aliyenunua kipande cha shamba marehemu akiwa bado hai. Mteja ni mjane mmoja aliyekuja ofisini. Waliomo ndani ya faili ni kumi na wawili au zaidi, na wengi wao hawajawahi kukanyaga ofisi hiyo.

Hapo ndipo mawakili wengi wa Kenya hupotea. Wamelelewa katika siri ya wakili na mteja, ile ya kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na wakisikia habari za ulinzi wa data hujibu kwamba wao walianza zamani. Lakini siri ile ni mali ya mteja. Inamzuia wakili kutoboa aliyoambiwa na mteja wake. Haimkingi mtoto wa mke wa pili ambaye cheti chake kimo kwenye faili, wala mdhamini aliyetaja nambari ya kiwanja chake, wala mpinzani katika kesi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawatazama hao wote kwa jicho moja.

Soma pia kifungu cha 2 kinavyoeleza data nyeti. Afya imo, imani imo, alama za vidole zimo. Lakini yamo vilevile maelezo ya mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Ondoa hayo katika ofisi ya wakili uone kitakachobaki. Talaka, mirathi, fidia ya ajali, uuzaji wa kiwanja: kila faili ni la data nyeti tangu ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana sisi hatushauri kuwa na kabati moja la mafaili ya siri na mengine yakae wazi. Kiwango kiwe kimoja kwa yote.

Ofisi zinapoanza kufuata sheria hii, kosa la kwanza huwa ni fomu ya ridhaa. Mteja anawekewa karatasi asaini kwamba anakubali data yake itumike, na wakili anaona kazi imekwisha. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote. Mteja akigombana nanyi kuhusu ada, akaandika kwamba ameiondoa, mtasimamia wapi? Na yule mpinzani, ambaye jina lake limejaa kwenye hati zenu, alisaini lini? Kifungu cha 30 kina misingi mingine inayofaa zaidi kazi ya wakili: kutekeleza mkataba, kutimiza wajibu wa kisheria, maslahi halali. Kwa data nyeti, kifungu cha 45 kinaruhusu ichakatwe pale inapohitajika kuanzisha, kutekeleza au kutetea dai la kisheria. Andika msingi huo kwenye jalada la faili siku linapofunguliwa. Ridhaa iwekeni kwa mambo yanayoitegemea kweli, kama vile kupandisha Facebook picha ya mteja akipokea hatimiliki yake. Kwenye picha Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii, hana mzaha: Septemba 2023 alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake.

Badala ya fomu hiyo, mteja apewe ilani ya ukurasa mmoja pamoja na barua ya makubaliano ya ada. Ieleze mnachukua nini, kwa nini, mtampa nani (mahakama, masjala ya ardhi, mthamini, benki, wakili wa upande wa pili), mtakaa nayo muda gani, na akiwa na swali amwone nani. Kama mteja anaelewa Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, iandikwe kwa Kiswahili. Ilani asiyoielewa haijamfikia.

Sasa tuje kwenye uvujaji wenyewe. Watu huogopa wadukuzi, nao wapo, lakini data ya ofisi za mawakili huvuja zaidi kwa njia za kila siku, na njia pana kuliko zote ni karani na saiba (duka la intaneti) iliyo karibu na mahakama. Karani yuko kortini, imehitajika nakala ya haraka. Ofisi inamtumia hati kwa WhatsApp. Anaingia saiba, anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale kwa kuskani msimbo, hati inashuka, inachapishwa, analipa na kukimbia. Nyuma yake kumebaki vitu vitatu. Hati iko kwenye folda ya vipakuliwa. Nakala nyingine mara nyingi hubaki kwenye foleni ya printa. Na kubwa zaidi, WhatsApp yake bado iko wazi, kwa hiyo anayekaa kiti kile baada yake anaweza kusoma mazungumzo ya wateja wote. Kumkaripia karani hakutibu jambo hili, kwa sababu shida yake ni ya kweli. Mpeni printa ndogo ya kubeba, au muwe na makubaliano na ofisi ya wakili jirani na mahakama achapishe hapo. Ikiwa saiba haikwepeki, hati iwe kwenye flashi iliyofungwa kwa neno la siri, ichapishwe moja kwa moja kutoka humo. Kila jioni simu ikaguliwe sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kila kisichojulikana kiondolewe.

WhatsApp ina tundu jingine. Wateja hutuma picha za vitambulisho na hati za ardhi, na simu huzihifadhi zenyewe kwenye galari, kisha galari huzipandisha kwenye akaunti binafsi ya karani huko mtandaoni. Akiacha kazi anaondoka nazo bila hata kukusudia. Laini iwe ya ofisi, simu iwe ya ofisi, uhifadhi wa picha wa moja kwa moja uzimwe. Kila kilichotumwa kihamishiwe kwenye faili siku hiyohiyo, kisha kifutwe kwenye simu.

Kwenye barua pepe, adui ni ule ukarimu wa programu kukumalizia anwani. Unaandika herufi tatu za jina la mteja, inakuletea wakili wa upinzani mwenye jina linalofanana, unabonyeza. Zimeni huo umaliziaji, na muweke ucheleweshaji wa kutuma: Gmail inakubali hadi sekunde 30, Outlook inaweza kuwekewa kanuni ya dakika kadhaa. Hati nzito ifungwe kwa neno la siri, na neno lenyewe litajwe kwa simu, lisifuate kwenye barua pepe ya pili.

Kuficha maandishi kunastahili nafasi yake, maana hapa hata ofisi makini hukosea. Unataka kuambatisha taarifa ya benki lakini uzibe nambari ya akaunti. Karani anachora mstatili mweusi juu ya nambari kwenye Word, anageuza kuwa PDF, inaonekana imezibika kabisa. Haijazibika. Maandishi yako palepale chini ya rangi. Jaribio lake ni la nusu dakika: fungua PDF, chagua ukurasa wote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad. Nambari ikitokea, hujaficha kitu. Tumia zana ya kufuta maandishi kabisa iliyomo kwenye programu za PDF za kulipia, au chapisha karatasi, ziba kwa wino mzito, piga fotokopi ya karatasi hiyo ndipo uskani fotokopi. Kuskani karatasi ya kwanza moja kwa moja wakati mwingine huonyesha herufi kupitia wino. Fanya hayo kabla ya kupakia kwenye mfumo wa mahakama, kwa sababu kilichopakiwa kimeshafika kwa pande zote. Katika kesi za watoto, tumia herufi za kwanza za majina tangu hati ya kwanza. Hukumu huchapishwa mtandaoni, na jina ulilolianika kwenye kiapo linaweza kunukuliwa humo.

Ndugu wa kosa hilo ni kuazima hati ya zamani. Wakili anafungua mkataba wa mteja wa mwaka jana, anabadilisha majina, anautuma. Aya ya 14 bado ina nambari ya kitambulisho ya yule wa zamani, au mabadiliko yaliyofuatiliwa (track changes) hayajazimwa na bei ya awali inasomeka pembeni. Tengenezeni vielelezo safi visivyo na jina la mtu yeyote, muanzie hapo kila mara.

Mengine nayapitia upesi. Daftari la wageni lisiwe na safu ya sababu ya kuja. Anayesaini sasa asione kwamba aliyemtangulia kaja kwa talaka. Diski za kompyuta za mkononi zisimbwe, yaani zisisomeke bila ufunguo (BitLocker kwenye Windows Pro, FileVault kwenye Mac), na ufunguo wa dharura ufungiwe sefuni, usikae kwenye mfuko wa kompyuta hiyohiyo. Mashine kubwa za fotokopi nyingi zina diski ndani inayoweza kubaki na picha za mlivyonakili. Ya kukodi isirudi kabla diski haijafutwa. Fundi wa kompyuta, mthamini, mfasiri na mpeleka hati wawe na mkataba wa maandishi kuhusu data, kama kifungu cha 42 kinavyotaka. Na rasimu zilizoharibika zisigeuzwe karatasi za kuandikia upande wa pili, wala zisiuzwe kwa kilo. Sote tumewahi kununua njugu zilizofungwa kwenye karatasi ya ofisi ya mtu. Nunueni mashine inayokata vipande vidogo, ile ya kukata mistari mirefu karatasi zake huungika tena.

Tuhifadhi mpaka lini? Sheria haitaji idadi moja ya miaka. Inasema usikae na data kuliko haja. Sisi huanzia Sheria ya Ukomo wa Mashauri, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi: mkataba miaka 6, fidia ya madhara miaka 3, ardhi miaka 12. Juu yake kuna sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha, ambayo inawagusa mawakili wanaoshughulikia miamala kama ununuzi wa ardhi, nayo inataka kumbukumbu zikae angalau miaka 7. Siku ya kufunga faili, andika juu ya jalada tarehe mbili, ya kufunga na ya kuharibu. Hati halisi, hasa hatimiliki na wasia, zirudishwe kwa mwenyewe kwa sahihi, zisizikwe stoo.

Mtu akiomba kuona data yake, mna siku 7, na hatozwi kitu. Anayeomba anaweza kuwa mpinzani wenu. Msimjibu kwa sentensi moja kwamba yote ni siri ya mteja. Yale mteja aliyowaambia na ushauri mliompa, hayo yamekingwa. Nakala ya kitambulisho cha mwombaji mwenyewe, ambayo mlikuwa nayo tangu mkataba wa awali, haikukingwa. Pitia faili karatasi kwa karatasi, toa yaliyo yake, ziba ya wengine. Akiomba kurekebishiwa kosa, muda ni siku 14.

Na likitokea la kutokea, data ikavuja au kuibwa, ikiwa kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika, saa 72 za kumwarifu Kamishna zinaanza ofisi inapojua. Kumngoja wakili mkuu arudi safarini hakusimamishi saa. Kompyuta iliyoibwa garini na karani akagundua Ijumaa saa kumi na moja jioni, mwisho wake ni Jumatatu saa kumi na moja jioni, na siku mbili kati ya hizo ofisi imefungwa. Kwa hiyo kila mfanyakazi awe na nambari ya mtu mmoja wa kumpigia hata usiku, na awe na hakika kwamba hatafokewa kwa kusema. Taarifa ieleze nini kimetokea, data ya aina gani, mmechukua hatua gani na nani aulizwe. Mkichelewa, sababu za kuchelewa ziambatane nayo. Wenye data nao waandikiwe bila kukawia. Kama kompyuta ilikuwa imesimbwa, sheria inaweza kuwaondolea wajibu huo wa kuwaandikia. Kama haikuwa, tafuteni orodha ya waliomo kwenye kila faili lililokuwa ndani yake, mwandikie kila mmoja wao: mjane, wale watoto kupitia walezi wao, wadhamini wote wawili, na yule mnunuzi wa kipande cha shamba.